Uso wa Mtoto wa Somo

Kazi ya mama yangu ni kuwaandaa wanawali kwa ndoa, na pale Kibiti watu humwita Somo, hata wale wasio na binti wa kuoza. Mwali akishawekwa ndani, mama ndiye anayeingia chumbani na bakuli. Humsugua singo asubuhi na jioni, humfundisha yale yanayofundishwa mlango ukiwa umefungwa, na siku ya harusi humtoa nje akiwa na harufu inayomtangulia. Singo yake anaitwanga mwenyewe: liwa, karafuu, mchele uliorowekwa, manjano kidogo, maganda ya machungwa yaliyokaushwa juu ya bati, na marashi. Nyumba yetu iko nyuma ya stendi. Konda mmoja wa mabasi ya Lindi aliwahi kumwambia mama kwamba yeye hana haja ya kuchungulia dirishani, Kibiti anaijua kwa pua.

Adui wa mama ni mkorogo, yaani zile krimu zinazochanganywa vichochoroni ili kuchubua weusi wa mtu. Mkorogo hung'arisha mashavu, lakini hushindwa kwenye viungo vya vidole. Pale ngozi hubaki nyeusi na nzito, na hizo ndizo zinazoitwa sugu. Mwanamke anaweza kuficha umri, anaweza kuficha njaa, lakini sugu humsema kila anapompa mtu mkono. Kwa hiyo kabla ya kuanza kazi katika nyumba yoyote, mama huapa mbele ya wanawake wa nyumba hiyo kwamba singo yake haina kemikali hata chembe. Na ushahidi wake nilikuwa mimi.

"Mshikeni shavu," alikuwa akisema, akinisimamisha katikati ya mkeka. "Huyu nimemzaa mwenyewe na kumsugua mwenyewe."

Nimeshikwa mashavu na wanawake wa nusu ya wilaya. Wengine walikuwa na mikono ya unga, wengine ya samaki. Nilikuwa nanung'unika nikiwa mdogo, lakini moyoni nilijiona kama bendera.

Chunusi zilinijia ukubwani, nikiwa chuoni Dar es Salaam. Hazikuwa zile za ubinti zinazokuja na kuondoka. Zilikuwa na mizizi, ziliuma hata nikilalia mto, na kila iliyokauka iliacha kovu. Likizo ya kwanza mama alinisugua singo kwa mapenzi yake yote, zikachachamaa zaidi, naye akaenda kukaa uani peke yake kwa muda mrefu. Niliporudi mjini daktari aliniandikia antibayotiki, vidonge vya rangi mbili, akasema ninywe kwa miezi kadhaa kisha nirudi anitazame. Niliporudi alikuwa amehamishwa. Aliyekuwepo aliuliza kama dawa inanisaidia, nikasema inanisaidia, akaandika ileile. Baada ya hapo duka la dawa likanizoea, nami nikalizoea.

Na kweli ilinisaidia. Nilimaliza chuo nikiwa na uso laini, nikaandika riwaya yangu ya kwanza nikiwa na uso laini, nikasimama mbele ya watu kuisoma bila kuinamisha kichwa. Kulikuwa na mambo madogomadogo. Tumbo lilichafuka nikiinywa bila chakula. Nikisimama ghafla chumba kilizunguka kidogo kisha kikatulia. Jua la saa saba, ambalo nimezaliwa nalo, lilianza kuniwasha mikono. Kulikuwa na muwasho mwingine wa kike ambao niliutibu kimyakimya, ukawa unarudi. Sikuyaunganisha. Kila jambo lilikuja peke yake na kisingizio chake, na uso wangu kwenye kioo uliniambia mambo ni shwari.

Kisha rangi ikaanza. Ilianzia miguuni. Muundi wa kulia ulipata doa la rangi ya wingu la mvua, nikadhani nimejigonga kitandani. Doa la kujigonga hugeuka kijani, hugeuka njano, huondoka. Hili lilikaa, na baadaye likapata wenzake. Halafu makovu ya chunusi za zamani, ambayo nilikuwa nimekwisha kuyasahau, yakaanza kujichora upya mashavuni, moja baada ya jingine, kwa buluu iliyokaribia weusi, kana kwamba mtu alikuwa akiyajaza wino. Fizi zikafuata. Kucha zikapata kivuli.

Nilirudi Kibiti kumalizia kitabu cha pili. Nilishuka kwenye basi jua likiwa kali, nikapita katikati ya wauza korosho, nikamkuta mama mlangoni na mchi mkononi.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Aliweka mchi chini, akanishika mikono yote miwili, akaigeuza, akanitazama vidole kiungo kwa kiungo. Akanikunja sikio akatazama nyuma yake. Akaninusa shingo kama anavyonusa samaki anapomtilia shaka muuzaji. Kisha akakaa barazani.

"Huna," akasema.

"Sina nini?"

"Sugu." Akashusha pumzi. "Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani."

Ningeweza kukasirika kwa kupokelewa hivyo. Lakini nilimwona alivyofanya: aliogopa, na bado akakagua kwanza kabla ya kunihukumu. Watu wangapi wangefanya hivyo?

Siku zilizofuata alinisugua. Alibadilisha singo, akazidisha manjano, akapunguza liwa, akaongeza maziwa. Mikono yake ilikuwa laini kwangu kuliko ilivyowahi kuwa, lakini doa halikusogea. Jioni moja aliosha mikono yake akaikausha kwa khanga.

"Hii haiko juu," akasema. "Hii imekaa ndani. Huko ndani mimi sina kazi. Twende hospitali."

Tulikwenda Utete. Daktari alikuwa kijana, pengine wa umri wangu, na swali lake la kwanza lilikuwa ni dawa gani ninakunywa na tangu lini. Nilimtolea kifurushi kutoka kwenye pochi. Alinitazama fizi, akanitazama miundi, akanieleza bila haraka. Dawa hii ikinywewa kwa muda mrefu sana, kwa baadhi ya watu huacha rangi yake mwilini. Hupenda kukaa penye makovu, kwenye miundi, kwenye fizi na kucha. Kizunguzungu na tumbo navyo vilikuwa vyake, na muwasho, na huenda hata jua kuniwasha. Alinisimamishia dawa, akanipa ya kupaka kwa ajili ya chunusi, akanipa siku ya kurudi.

"Rangi itatoka?" mama akauliza.

"Nyingine itafifia polepole, mama. Inaweza kuchukua miezi, hata miaka. Nyingine inaweza kubaki."

"Na kosa ni la nani?"

Kijana yule aliweka kifurushi mezani. "Dawa ilifanya kazi iliyotumwa. Alikosekana mtu wa kumwambia sasa basi."

Tulirudi nyumbani tukijua ukweli. Mtaa ulikuwa na ukweli wake mwingine. Muuza nyanya sokoni alimpimia mama fungu, akamwambia taratibu, kama anayempa pole: "Somo, naona mtoto kajichubua. Mjini huko." Mwingine, nyuma ya meza ya dagaa, hakusema taratibu. Alisema mganga hajigangi, wenzake wakacheka. Mama alichukua nyanya zake, akaaga, akatembea. Baada ya hapo nyumba moja iliyokuwa imemwita ikasema mwali wao ataandaliwa na ndugu. Mama aliniambia habari hiyo huku akipepeta mchele, bila kuinua macho.

Ilikuwa imebaki nyumba moja, nayo ndiyo nzito. Ilikuwa deltani, kule mto unakoingia baharini, katika kijiji alikozaliwa mama, ambako bibi yangu alikuwa somo kabla yake. Wanawake wa kule ndio waliompa mama jina hilo akiwa bado kijana. Wakimkataa kule, hakuna nyumba ya Kibiti wala Bungu ambayo ingempokea tena. Watu wangesema hata kwao wamemkataa. Shangazi wa mwali, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia shughuli, alipiga simu. Mama aliweka sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga wa liwa.

"Somo, tunakungoja," shangazi akasema. "Ila kuna neno. Huyo mtoto wako mwache nyumbani kwanza. Watu wana midomo."

"Midomo ya watu naijua," mama akajibu. "Nikija, nakuja naye. Nisipokuja naye, siji."

"Basi njooni, tutaonana," shangazi akasema.

Tulifika bandarini kwa bodaboda na kungoja maji yajae. Boti ya mashine ilipoingia kwenye mikoko, baridi ya matope ikatupanda, na ndege weupe wakaruka mbele yetu kutoka mti hadi mti. Mama alikuwa amepakata bakuli lake lililofungwa kwa kitambaa. Nilikuwa na mtandio kichwani, na kwenye mkoba nilikuwa na poda ya rangi ya ngozi yangu, nzuri, ya kufunika kila kitu.

"Mama, nijipake kidogo kabla hatujafika? Hawataona."

"Poda utajipaka siku unayotaka kupendeza," akasema. "Siku ya kujificha usijipake. Utaizoea."

"Nakuharibia kazi."

"Kazi yangu ni ngozi za watu. Wewe ngozi yako imepata ajali. Kama siwezi kutembea na ngozi iliyopata ajali, hao wanawali nawafundisha nini?"

Nahodha aligeuka akatutazama, kisha akageukia maji yake. Niliirudisha poda mkobani.

Chumba cha mwali kilikuwa kimejaa. Mwali mwenyewe alikuwa ameketi kwenye mkeka, amefunikwa khanga mpya kichwani, vidole vya miguu tu vinaonekana. Pembeni yake alikaa bibi yake mzaa baba, mzee mfupi mwenye macho makali, mguu mmoja ameunyoosha mbele. Shangazi alikuwa kwenye kiti, karibu na mlango. Alikuwa mwanamke mrefu, mweupe wa uso, na mikono yake ilikuwa imepambwa piko nyeusi, maua makubwa yaliyopandana juu ya vidole vyote. Maua ya piko kwa kawaida huanzia kiganjani na kupanda kifundoni. Yake yalikuwa yamesongamana kwenye viungo vya vidole, petali juu ya petali. Nilimwona mama akiyatazama, mara moja tu.

Tulisalimia, tukaitikiwa. Mama akafungua bakuli, harufu ikajaa chumba. Wanawake wakavuta pumzi, lakini hakuna aliyesogea.

"Somo," shangazi akaanza, "sisi hatukukosei heshima. Mama yako aliniandaa mimi. Lakini mwali huyu ni wetu, na uso wa mtoto wako wauona mwenyewe. Unaapa singo haina kitu. Sasa tuamini kiapo au tuamini macho?"

Mama alifungua mdomo kujibu. Nilisimama kabla hajasema. Sikuwa nimepanga. Nilienda katikati ya mkeka, mahali nilipokuwa nikisimamishwa siku zote, nikavua mtandio.

"Bibi, mama zangu, dada zangu, tazameni," nikasema. "Huu si mkorogo. Mkorogo unatoa weusi, mimi nimeongezewa." Kuna aliyecheka. Nikapandisha khanga hadi magotini, wakaiona miundi yangu, buluu yake imetambaa kama ramani. "Nilikuwa na chunusi mbaya. Nilipewa vidonge, vikanisaidia, nikavinywa miaka. Vimeacha rangi yao. Daktari kaniambia. Mama yangu hahusiki, na singo haihusiki. Angekuwa na dawa ya kuyatoa haya, mnadhani angeniacha hivi?"

Bibi wa mwali akaniita kwa kidole. "We mtoto, njoo hapa. Fungua mdomo."

Nilipiga magoti nikafungua. Alinishika kidevu akaniinua kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia fizi zangu kama anayekagua jino la mjukuu.

"Loo," akasema. "Huyu kala ngisi na wino wake."

Chumba kizima kikacheka, nami nikacheka, mdomo ukiwa bado umeshikwa. Baada ya hapo wakaja. Walinishika miguu, wakanishika mashavu.

"Inauma?" mmoja akauliza.

"Haiumi."

"Na mchumba ataona?"

"Akiona aseme. Nitamjibu."

"Mume wangu ana kitambi na mimi sijasema kitu," mwanamke mnene kando ya ukuta akasema. "Yeye aseme nini?"

Msichana mmoja, binamu wa mwali, aliniinamia sikioni akanong'ona kwamba naye anavyo vya rangi mbili, vya chunusi, hata hakumbuki alianza lini. Nilimwambia asitishwe na uso wangu, watu wengi huvinywa na hawapati haya, ila avichukue aende navyo hospitali aulize mwisho wake ni lini. Akaitikia kwa kichwa, akarudi mahali pake.

Shangazi peke yake hakuwa amesogea. "Maneno ya dawa kila mtu anaweza kuyasema," akasema. "Hata anayejichubua husema ni dawa."

Hapo mama aliinuka. Alikwenda hadi kwenye kile kiti na bakuli lake, akapiga magoti mbele yake kama mdogo kwa mkubwa. Akaushika mkono wake. Nilijua sasa itakuwaje. Ilitosha mama auinue mkono ule kwenye mwanga na kupitisha kidole gumba juu ya maua, na kila mwanamke mle ndani angeona kilichofichwa chini ya piko. Kesi ingekwisha. Jina lake lingerudi siku hiyohiyo, na Kibiti ingepata habari kabla boti yetu haijafika. Shangazi naye alijua. Nilimwona akitaka kuuvuta mkono, na hakuweza kuuvuta bila watu kuona kwamba anauvuta.

Mama aliugeuza mkono kiganja juu. Viungo vya vidole vikalala chini, juu ya goti la shangazi mwenyewe, havionwi na mtu. Akachota singo akaiweka katikati ya kiganja, akakifunika kwa mikono yake miwili.

"Nusa, dada yangu," akasema kwa upole. "Wewe unazijua harufu. Ukikuta humu kitu kisichotoka shambani au dukani kwa muuza viungo, mimi na mwanangu tunarudi na maji haya haya, na sitatia mguu tena."

Shangazi aliinua kiganja puani. Alikishika pale kwa muda mrefu kuliko harufu inavyohitaji. Macho yake yalikuwa kwa mama, na mama hakuyakwepa, wala hakuyabana.

"Ni safi," shangazi akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ni ileile ya mama yako. Mwali anangoja, Somo. Anza kazi."

Mama alinigeukia akaniambia nikunje mikono ya gauni. Tulianza pamoja, yeye bega la kulia, mimi la kushoto. Kucha zangu zenye kivuli zilipita juu ya mgongo wa mwali na hakuna aliyesema neno, isipokuwa mwali mwenyewe, aliyesema kutoka chini ya khanga kwamba mikono yangu ina baridi. Bibi yake akamwambia anyamaze, baridi ya leo atakuja kuitamani.

Tulikaa pale hadi harusi. Siku ya mwisho shangazi alitusindikiza hadi kwenye boti akiwa amebeba mwenyewe sufuria ya pilau, akaipakia, akampa mama mkono. Mama akaupokea kwa mikono yote miwili, akaufunika.

Boti ilipokata kona na kijiji kikamezwa na mikoko, sikuweza kujizuia.

"Mama, uliviona vidole vyake?"

"Vidole vya nani?"

"Vya shangazi. Siku ile."

Mama alikuwa akifungua kifuniko cha sufuria. Alitafuta kipande cha nyama, akakitenga upande wangu.

"Nilikuwa natazama kiganja," akasema. "Kula, kingali moto."

Nilikula. Upepo ulinipiga usoni, mtandio ukiwa mapajani, na watu wa boti waliotaka kunitazama walinitazama. Niliwaacha. Nilikuwa nimekaa kando ya mwanamke ambaye alikuwa na aibu ya mtu mkononi mwake akaifunika, na kama kuna kitu nilitaka wakione katika uso wangu, ni kwamba nimefanana naye.